Mwaka wa Pipa Lisilofunguliwa

Mzee Shabani alizikwa Biharamulo mjini baada ya sala ya adhuhuri, na mimi nilifika wakati watu wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta vumbi kwenye viatu. Nilitokea Ntobeye, kwetu Ngara, asubuhi, lakini gari letu lilikaa sana Nyakahura likisubiri abiria, na wakati linasubiri niliangalia upande wa kule bondeni ambako zamani palikuwa na karasha yake. Sasa pamelimwa mahindi. Nilipofika msibani nikapokelewa na kina mama, nikampa pole Bi Rehema, mjane, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akanishika kiganja akakipapasa kwanza ndipo akasema, "Advera. Mikono yako bado ya jikoni." Nikakaa naye mkekani. Baadaye msichana mmoja akaja kuniambia kuna mwalimu huko nje, mzee mwenye mvi, anauliza kama mama Advera wa Ngara amekuja. Nikatoka. Alikuwa Venant. Tuliachana sisi wote vijana, na nilimtambua kwa namna anavyosimama, mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa kitu.

"Umenenepa, Advera," akasema.

"Na wewe kaka umekuwa babu."

Tukakaa pembeni ya turubai na sahani ya pilau katikati yetu. Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika haya. Mimi nimeishia darasa la saba, na ninaandika shajara tu kwa mazoea, kwa hiyo sina hakika kama ninajua kupanga mambo. Tena mambo yenyewe yanahusu utafiti wa mtu msomi, ambao mimi niliuelewa kwa kiasi cha mpishi. Nitasema nilichoona na nilichosikia, na pale ambapo sijui nitasema sijui. Nitajitahidi pia kumtendea haki kila mtu, maana katika mwaka ule simkumbuki hata mmoja ambaye nikimweka peke yake naweza kusema alikuwa mbaya.

Nilikuwa msichana wa miaka kama ishirini, ninapika kwenye karasha ya Mzee Shabani. Kwa asiyejua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ile yetu ilikuwa na mapipa mawili makubwa ya chuma, yamelazwa, yanazungushwa na injini ya dizeli. Ndani ya pipa unaweka mawe yaliyopondwa, maji, na gololi za chuma kubwa kama machungwa. Pipa linazunguka, gololi zinaponda, na mchanga unatoka laini kama unga. Kuta za pipa kwa ndani zimevalishwa mabamba ya chuma ili gololi zisilitoboe. Wachimbaji walileta mawe yao kwenye viroba kutoka mashimoni, wakasagiwa, wakaosha mchanga wao hapo hapo, wakaenda na dhahabu yao. Mchanga uliobaki, ambao tuliuita marudio, ulikuwa wa mwenye karasha. Ndiyo yalikuwa malipo yake, na hakuna aliyelalamika. Jiko langu lilikuwa kibanda cha udongo chenye bati, na nyuma yake stoo, zimetenganishwa na ukuta ambao haukufika juu. Moshi wangu ulikwenda kwa waliokuwa stoo na maneno yao yalikuja kwangu. Nimejua mengi maishani kupitia ukuta ule, na sijawahi kuona kama nilikuwa nasikiliza, nilikuwa napika.

Kulikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze, la sivyo hamtaelewa kilichotokea. Mawe ya kule ni magumu, lile jiwe jeupe kama kioo, na mabamba ya kawaida yalikatwa kwenye springi za malori, kwa hiyo yaliliwa haraka. Baada ya wiki chache pipa lilikuwa lazima lifunguliwe, mabamba yabadilishwe. Sasa nyuma ya mabamba na kwenye mianya yake huwa kunanasa mchanga mzito, na kwenye mchanga ule dhahabu haikosi. Ni dhahabu ya nani? Ya kila mtu aliyesaga tangu pipa lifungwe, imechanganyika, haiwezi kugawanywa. Kwa hiyo mwenye karasha aliichukua yeye, lakini siku hiyo alichinja mbuzi na Bi Rehema akaja kutoka mjini na masufuria yake, akapika pilau, na kila aliyewahi kusaga akaja kula. Wachimbaji walisema wanakula dhahabu yao. Walisema kwa utani, lakini walikula kwa bidii ya mtu anayechukua chake. Mtu angeweza kutembea kutoka mbali kwa miguu, mgonjwa, amejifunga blanketi, ili asikose siku ya kufungua pipa. Mimi niliona ni sherehe tu. Ndiyo maana nasema sina akili ya kuona mambo mapema. Nilichota pilau ile kwa mikono yangu na sikujua inafanya kazi gani.

Venant alikuja mwanzoni mwa vuli. Alikuwa mwenzangu wa Ntobeye, tumebatizwa kanisa moja, ila yeye alikuwa amesoma hadi chuo kikuu Dar es Salaam na alikuwa anatafuta shahada ya pili. Alishuka na sanduku la mbao ambalo kondakta na utingo walilibeba wakilaani. Ndani yake kulikuwa na mabamba meusi, mazito, kila moja limefungwa kwenye gazeti kama kikombe cha harusi. Mzee Shabani alikuwa amekubali ayafunge kwenye pipa moja, pipa la pili libaki na chuma cha kawaida, halafu mwisho wa masika yafunguliwe, yapimwe yameliwa kiasi gani. Venant alikuwa na mizani yake ya kioo, alipima bamba moja moja siku nzima, hataki mtu apite karibu asitikise hewa. Alilala stoo, kati ya pipa la dizeli na mifuko ya saruji. Asubuhi ya kwanza alinisalimia kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, kupitia ule ukuta, nikafurahi, maana pale kila mtu alitoka kwake na tulisikilizana kwa Kiswahili tu.

Bi Rehema ndiye aliyemuuliza wazi kile kitu ni nini. Bi Rehema ni wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani wakatia nanga hapa mjini, na kila akija alileta kashata. Venant alikuwa na kipande mdomoni, akakitoa akakiangalia. "Ni hii, mama," akasema. "Kauri ni ngumu kuliko chuma, haikwanguliki. Lakini ukiiangusha inavunjika kama sahani. Chuma hakivunjiki, lakini kinalika. Sasa sisi tumechukua chembe za kauri tukazishikiza kwa chuma. Karanga ndiyo kauri, sukari ndiyo chuma. Karanga zinazuia meno, sukari inazuia karanga zisiachane."

"Na nyie mmeipika wapi, hiyo kashata yenu?"

"Nje ya nchi, mama. Tanuri lenye moto wa kutosha hatuna. Mwalimu wangu ameomba mpaka amechoka, tumepikiwa mkupuo mmoja. Hakuna mwingine."

"Basi usije ukaniachia mimi sufuria, nitaunguza," akasema Bi Rehema, na tukacheka. Lakini nilimwona Venant hakucheka sana. Alichosema ndicho kilichokuwa: mkupuo mmoja, pipa moja, mwaka mmoja. Mabamba yakipita salama mikononi mwetu hadi mwisho wa masika, utafiti wake umekamilika. Yakiharibika, hana kitu. Sisi sote pale tulilijua hilo, kuanzia Mzee Shabani hadi mimi. Alilisema mara nyingi, bila kuficha, kwa sababu alidhani watu wakijua watamsaidia kuyalinda.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Pipa la Venant lilisaga haraka zaidi, mchanga wake ulitoka safi, haujachafuka kwa kutu, na wachimbaji walipanga foleni kwake wakaliacha lile la zamani. Walimwita Injinia. Alikataa, akasema yeye ni mwanafunzi, wakamwita Injinia Mwanafunzi, halafu wakafupisha. Jioni walikaa kwenye benchi nje ya jiko langu wakingoja ugali wa muhogo na dagaa, na niliyasikia maneno yao yakimsifu. Aliyemsifu kuliko wote alikuwa Masanja, Msukuma mrefu, mchimbaji, mtu wa kelele na wa kupenda watu, ambaye hakuwahi kuondoka bila kuniuliza nimekula. "Hili pipa lina meno ya fisi," alisema. "Linatafuna hadi mfupa."

Pipa la zamani likafunguliwa kama kawaida, lakini kwa kuwa halikusaga mengi, kilichokutwa nyuma ya mabamba kilikuwa kidogo, na mbuzi akawa mdogo. Safari iliyofuata hapakuwa na mbuzi kabisa. Na pipa la Venant halikufunguliwa. Halikufunguliwa kwa sababu halikuhitaji kufunguliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake na ndilo lilikuwa kosa lake. Kadiri mabamba yalivyokataa kuchakaa, ndivyo siku ya pilau ilivyosogea mbele. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi nikiwa napalilia au nafua. Kama yangekuwa mabamba mabaya, yangefunguliwa mapema, watu wangekula, na hakuna ambaye angesema neno. Katika mambo yote aliyoyapima Venant, hakuna aliyemwambia apime hili. Mzee Shabani hakulifikiria. Mimi sikulifikiria. Wachimbaji nao, nadhani, hawakujua ni nini kinawasumbua hadi walipopata jina lake.

Jina walilipata wakati wa masika, siku ambayo Masanja alisaga mawe aliyoyategemea akapata punje ya kuaibisha. Huenda mawe yenyewe hayakuwa na kitu. Mawe hudanganya. Lakini alikaa kwenye benchi hajagusa chakula, na mwenzake mmoja akamuuliza kama amefiwa.

"Hili pipa linakunywa," akasema Masanja.

"Linakunywa nini?"

"Wewe umeona likifunguliwa tangu vuli? Umekula pilau yake? Mimi nimesaga humo viroba sijui vingapi. Kila kiroba kinaacha kidogo. Kiko wapi?"

"Kiko nyuma ya bamba, si ndiyo kawaida."

"Kawaida ni kufunguliwa. Kisichofunguliwa si kawaida. Hicho ni kibubu, na ufunguo anao kijana wa Ngara."

Wakacheka, na hata mimi jikoni nilitabasamu. Lakini kesho yake niliwasikia watu wengine wakilisema lile neno, kunywa, na sasa hawakucheka. Nikamwambia Venant kupitia ukuta. Akauliza, "Wanataka nini hasa?" Nikamjibu kwamba nadhani wanataka lifunguliwe. Akasema likiguswa kabla ya mwisho, wakiingiza patasi kwenye mianya kukomba mchanga kama walivyozoea, kingo za mabamba zitabanduka, na hapo hatajua tena kilichoondolewa na mawe ni kipi na kilichoondolewa na patasi ni kipi. "Waambie mwisho wa masika nitawafungulia, na kila kitu kitakachokutwa humo ni chao. Sitaki hata chembe, wala Mzee hataki." Nikamwambia Masanja. Nilimwambia vizuri, sikupunguza neno. Masanja akaniangalia kwa huruma, kama ninayetumwa.

"Advera dada yangu, mwisho wa masika mimi nitakuwa wapi? Ikitokea rashi kesho nchi nyingine, nitakuwa huko. Hawa wote watakuwa huko. Watakaokula ni wengine."

Ilikuwa kweli. Mchimbaji hakai, akisikia rashi, yaani kuna mahali mawe yametoa dhahabu, anabeba koleo lake. Ndiyo maana pilau ya pipa ilipikwa kila baada ya wiki chache na si mara moja kwa mwaka. Nilirudi kwa Venant na jibu hilo, na yeye pia akaona ni kweli. Nilikuwa napeleka ukweli huku na kule kama ninayehamisha maji kwa kiganja.

Bi Rehema alijaribu kwa njia yake. Alikuja na masufuria na mbuzi kutoka mjini, bila kumuuliza mumewe, akapika pilau siku ambayo hakuna pipa lililofunguliwa. Mdalasini ulinukia hadi barabarani. Watu wakaja, wakasimama, wakaangalia pipa, wakaangalia sufuria. Wengine walikula, lakini walikula kimya, kwa adabu, kama wageni. Masanja alikataa sahani. Bi Rehema akamfuata nayo hadi alipokaa.

"Masanja mwanangu, umeniudhi. Chakula changu kina nini?"

"Shikamoo, mama. Chakula chako hakina kitu. Ndiyo tatizo."

"Marahaba. Sijakuelewa."

"Mama, siku zote nakula hapa changu. Leo nikila, ninakula chako. Kesho nikikudai changu utaniambia nilishakula."

Bi Rehema akarudi na ile sahani jikoni, akaiweka juu ya meza, akakaa kwenye kigoda changu. Akasema, "Huyu mtu ana haki. Na yule kijana ana haki. Sasa mimi nimpikie nani?" Yule mama nilimzoea mwenye jibu la kila kitu. Kumwona amekaa hivyo, mikono mapajani, ndipo nilipoanza kuogopa.

Wachimbaji wakaanza kupeleka mawe yao kwenye karasha nyingine. Mzee Shabani alivumilia, ninaweza kulishuhudia hilo. Alivumilia kuliko ambavyo mfanyabiashara angevumilia. Halafu asubuhi moja alimwita Venant stoo. Nilikuwa naosha maharage.

"Mwanangu, mimi ninaishi na hawa watu. Wewe utaondoka, mimi nitabaki nao. Lifungue."

"Mzee, imebaki kidogo tu."

"Najua. Ningekuwa na uwezo ningekupa. Lifungue mwenyewe, kwa mkono wako, taratibu unavyotaka. Wasiguse. Waone, waoshe, mimi nichinje, tufunge, tuendelee."

Kisha Venant akasema, "Sawa, Mzee. Lakini nifungue mimi." Na kwa kweli lilikuwa pendekezo zuri. Hadi leo sioni kosa lake liko wapi.

Alifungua mchana, watu wote wapo, mwenyekiti wa kitongoji yupo. Alilegeza nati moja moja, akatoa mabamba akayalaza juu ya shuka yake ya kulalia, kwa mpangilio, kama anayelaza watoto. Yalikuwa yanang'aa. Mtu mwenye macho aliona kwamba hayakuliwa karibu kitu. Kwenye mianya kulikuwa na mchanga mzito, akaukusanya kwa brashi yake laini, wakauosha kwenye karai, na dhahabu ikaonekana. Si nyingi. Lakini ilikuwepo, na umati ukaguna kwa pamoja, mguno wa watu walioambiwa kwa muda mrefu kwamba ni waongo. Mzee Shabani akasema, "Haya, mbuzi wenu huyo." Ingeishia pale. Ninaamini ingeishia pale. Lakini Masanja alikuwa amechuchumaa karibu na shuka, ameinamia bamba moja, na aliuliza kwa upole kabisa, kama mwanafunzi.

"Injinia, hivi vidoa ni nini?"

"Ni vitundu. Wakati wa kupika huwa vinabaki vichache."

"Vinaingia ndani?"

"Vingine vinaingia kidogo."

"Dhahabu inaweza kuingia humo?"

Nilikuwa nimesimama na mwiko mlangoni na nilimwomba Mungu Venant aseme hapana. Neno dogo. Akasema, "Chembe ndogo kabisa, siwezi kusema haiwezekani. Lakini—" Kilichofuata baada ya lakini hakuna aliyekisikia, hata mimi.

Pale msibani, tukila, nilimuuliza. Nilisita, maana ni swali la kumtia mtu kidole kwenye kidonda, lakini nikaona umri wetu unaruhusu. Nikamwambia, "Kaka Venant, kwa nini hukusema hapana?" Akatafuna, akameza. "Sikuwa nimepima," akasema. Kisha akaniambia kwamba hakuimaliza ile shahada, alirudi kufundisha, na sasa anafundisha vijana kuchomelea kwenye chuo cha ufundi na hana malalamiko. Akaniambia vitu vya namna ile vipo sasa, wenzake wa huko nje walivitengeneza, migodi mikubwa inavitumia, wanakatia miamba, wanachongea vyuma. "Tulikuwa tunaelekea sawa," akasema. Hakusema kwa majivuno. Nilimwangalia nikajiuliza kama mtu anaweza kweli kukosa malalamiko, au kama amezoea tu kutoyapima. Sijui. Sina haki ya kuamua.

Siku ile wachimbaji waliyachukua mabamba. Hawakupora; mwenyekiti aliongea, Mzee Shabani aliongea, kila mtu aliongea, maneno yakawa mengi na mikono mingi zaidi, na shuka ikawa haina kitu juu yake. Wakaliweka bamba la kwanza juu ya mwamba, wakalipiga kwa nyundo kubwa ya kuvunjia mawe ili watoe dhahabu ya kwenye vitundu. Nyundo ikarudi juu kana kwamba kuna mtu upande wa pili ameipiga. Wakabadilishana, mwenye nguvu akampisha mwenye nguvu zaidi, wakavua mashati. "Injinia, umetuletea kitu kina pepo," mmoja akatania, na kweli watu walicheka, na kwa muda mfupi ilikuwa karibu kama siku za zamani za kufungua pipa. Venant alisema mwanzoni, "Jamani, msifanye hivyo," kisha tena, "Jamani," kisha akaacha. Akaja akasimama karibu na mimi. "Angalia, Advera," akaninong'oneza. "Halivunjiki." Uso wake sijui niuelezeje. Alikuwa anaona kazi yake ikifaulu kuliko alivyowahi kuiota, mbele ya mashahidi wote wale, na hakuna hata kidogo cha kufaulu kule ambacho angeweza kukiandika. Nilitaka kumshika mkono. Nilikuwa na mwiko.

Mwisho walipata njia. Walijenga moto wa mkaa, wakaleta mvukuto, wakayapasha mabamba hadi yakawa mekundu, wakayamwagia maji ya baridi. Yakalia kama vyungu na kupasuka. Vipande wakavitia kwenye lile pipa la zamani pamoja na gololi za chuma, wakawasha injini. Sauti yake sitaki kuikumbuka. Karanga zilizoachwa na sukari yake zilikuwa bado ni ngumu, zikakwangua mabamba ya chuma, zikazikata gololi, na pipa la zamani likaharibika pia. Mchanga ulitoka mweusi kama masizi. Masanja aliuosha mwenyewe, hakumwachia mtu, akaweka zebaki, akazungusha karai kwa subira huku watu wamemzunguka. Jua lilikuwa linazama. Akazungusha tena. Halafu akalishusha karai chini, akainuka, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Hamna." Angeweza kudanganya kulinda heshima yake, hakudanganya. Nami lazima niliandike hilo.

Mbuzi alichinjwa. Bi Rehema hakuja, nilipika mimi. Walikula.

Asubuhi Venant alipanda kwenye kichuguu nyuma ya stoo, mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao, akampigia mwalimu wake. Nilikuwa nachota maji. Nilisikia upande mmoja tu. "Yamevunjwa, mwalimu. Hapana, hayakuchakaa, yamevunjwa. Kwa macho yalikuwa mazima kabisa. Ndiyo, lakini ni kwa macho. Hapana, siwezi kukadiria, nitakuwa nimebuni. Ndiyo, la tanuri nimelielewa, hawatatupikia tena. Hapana, si watu wabaya." Akasikiliza kwa muda mrefu, anaitikia kwa kichwa, kana kwamba yule wa Dar anamwona.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani Nyakahura. Mizani yake alikuwa ameifunga kwenye ile shuka. Tulikuta watu wachache sokoni, wanaweka ndizi zao chini, na Masanja alikuwa pale, anangoja, amevaa shati safi. Alichukua begi la Venant mkononi mwake bila kuuliza, kama ndugu. Basi lilipokuja ndiye aliyegombana na utingo ili begi liwekwe mahali pazuri. Halafu akamshika Venant mkono kwa mikono yake miwili, na ninaapa alikuwa na huruma ya kweli usoni.

"Injinia, ukija tena lete mengine," akasema. "Usiogope. Sasa tunajua hayanywi. Mimi mwenyewe nitasimama niwaambie."

Venant akamwangalia. Nilidhani atasema kitu, hata neno moja la uchungu, na lingekuwa halali yake.

"Asante, Masanja," akasema, akapanda.

Masanja alibaki akipunga mkono hadi basi likapinda kona. Kisha akanigeukia, ameridhika, akaniuliza kama nimekula.